Namna ya Kumwondoa Mwenyekiti wa Mtaa kwa Njia Halali: Mwongozo kwa Wakazi wa Dar es Salaam

Kila baada ya wiki chache kuna mtu hunisimamisha, kituoni au nje ya msikiti baada ya swala, akaniuliza swali lile lile: mwenyekiti wetu wa mtaa ametuchosha, tunamtoaje kabla ya uchaguzi? Wengine huuliza kama waanzie polisi, kwa diwani au kwa mkuu wa wilaya, na wengine huja wakiwa wameshafunga ofisi ya mtaa kwa kufuli lao, jambo ambalo huwageuza wao kuwa watuhumiwa. Nimeshika daftari la wakazi katika jitihada mbili za aina hii, katika mitaa miwili tofauti ya jiji hili. Ya kwanza ilikufa kwa makosa yetu wenyewe, na ya pili ilifika hadi kwenye kura. Mwongozo huu umetokana na zote mbili, ingawa ile iliyokufa ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Kazi hii huamuliwa na karatasi: barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, orodha ya majina isiyo na kasoro, na muhtasari wa mkutano uliosainiwa. Mwenye madai ya kweli asiye na karatasi hurudishwa nyumbani siku ya kwanza, na mwenyekiti hubaki ofisini akiwa na nguvu kuliko alivyokuwa kabla hamjaanza.

HAKIKISHA KWANZA NI NANI UNAYETAKA KUMWONDOA

Watu wengi huchanganya viongozi, kisha hupoteza miezi wakigonga mlango usio wao.

Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake huchaguliwa na wakazi katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao mara ya mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na muda wao ni miaka mitano. Hawa ndio mwongozo huu unaowahusu, kwa sababu kanuni za uchaguzi huo zinaweka njia ya kiongozi wa mtaa kuondoka madarakani kabla ya muda wake kwisha.

Mtendaji wa mtaa hakuchaguliwa na mtu. Ni mwajiriwa wa halmashauri, na malalamiko dhidi yake hupelekwa kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya nidhamu. Msimpigie kura mtendaji, kwa sababu kura hiyo haina maana yoyote kisheria.

Mjumbe wa nyumba kumi, ambaye wengi tunamwita balozi, ni kiongozi wa chama na si wa serikali. Hana nafasi yoyote katika shauri hili, wala saini yake haina uzito kuliko ya jirani yake.

Diwani hachaguliwi pamoja na mwenyekiti wa mtaa, bali katika uchaguzi mkuu, na wapiga kura wa kata hawana utaratibu wa kisheria wa kumrudisha nyumbani katikati ya muhula. Anaweza kupoteza kiti kwa sababu nyingine, kama vile kuvuliwa uanachama na chama kilichomdhamini au kukosa mikutano mitatu ya kawaida ya baraza mfululizo bila ruhusa. Meya huondolewa na madiwani wenzake kwa theluthi mbili ya kura. Wakazi wa jiji hili watakumbuka Januari 2020, Baraza la Madiwani la Jiji lilipompigia Meya Isaya Mwita kura ya kutokuwa na imani, na jinsi mabishano yaliyofuata yalivyozunguka swali moja la hesabu, kama theluthi mbili ilitimia au haikutimia. Kumbukeni mfano huo mtakapofika kwenye hatua ya kuhesabu.

Kuhusu mbunge, jibu ni fupi na linauma. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa mbunge wao, lakini Bunge Maalum mwaka 2014 likaliondoa pendekezo hilo, na kura ya maoni yenyewe iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 haikufanyika. Wenzetu wa Kenya wanayo haki hiyo katika Ibara ya 104 ya Katiba yao ya mwaka 2010. Sisi hatunayo, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba tulistahili kuipata.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Tafuteni watu watano hadi saba wanaoaminika, wa kutoka pande zote za mtaa, wakiwemo wanawake na wapangaji, na ikiwezekana wa vyama tofauti. Kundi la watu wa chama kimoja peke yake litaitwa njama za chama hata kama madai yake ni ya kweli tupu. Mmoja wenu awe katibu, na awe mtu ambaye hapotezi karatasi.

Nunueni daftari kubwa la kaunta, faili la kufungia, na kalamu za wino wa bluu, maana wino wa bluu husaidia kutofautisha karatasi halisi na kopi. Tengeni fedha kidogo ya steshenari na nauli za kwenda ofisi za halmashauri. Kila shilingi inayochangwa iandikwe na itolewe risiti, hata kama ni shilingi mia tano, kwa sababu tuhuma ya kwanza mtakayorushiwa ni kwamba mnakula michango ya watu.

Mwisho, mwe na muda. Tengeni miezi mitatu hadi sita. Anayewaambia kwamba jambo hili huisha kwa wiki mbili hajawahi kulifanya.

HATUA ZA KUFUATA

1. Andikeni tuhuma zote katika ukurasa mmoja.

Kaeni chini, kila mtu aseme kinachomkera, kisha chujeni. Kwamba mwenyekiti ana majivuno, kwamba hasalimii watu, kwamba anatoka chama msichokipenda, hayo si makosa ya kumwondolea mtu madaraka. Kwamba haitishi mkutano wa wakazi, kwamba taarifa ya mapato na matumizi haijasomwa robo baada ya robo, kwamba anatoza fedha za barua ya utambulisho bila stakabadhi, kwamba amegawa eneo la wazi, kwamba anadai asilimia kumi ya bei kila kiwanja kinapouzwa, hizo ni tuhuma. Kila moja iwe na tarehe, mahali, kiasi na jina la aliye tayari kusimama na kuithibitisha mbele ya watu. Isiyo na shahidi wala karatasi ifuteni, hata kama nyote mnajua ni kweli.

Tatu zenye ushahidi zinatosha. Katika jitihada yetu ya kwanza tuliorodhesha tuhuma kumi na tisa, na mwenyekiti alijibu mbili zilizokuwa dhaifu kwa ufasaha mkubwa, akakaa, watu wakampigia makofi. Zile kumi na saba hakuna aliyeziuliza tena.

2. Pateni Kanuni na mzisome wenyewe.

Serikali za mitaa katika jiji hili zimeundwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Uchaguzi wa mwenyekiti, sifa zake, ukomo wa uongozi wake na namna ya kumwondoa vimo katika Kanuni za uchaguzi zinazotolewa na waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kanuni hizo hutolewa upya karibu kila uchaguzi unapofika, kwa hiyo hakikisheni mnashika zile zilizotumika mwaka 2024 na si za 2019 au 2014, ambazo bado zinazunguka kwenye simu za watu. Ombeni nakala kwa mtendaji wa kata au kwa ofisa uchaguzi wa halmashauri.

Mkishazipata, nakilini kwa mkono vifungu vinne katika ukurasa wa kwanza wa daftari: sababu za kuondolewa, nani anaitisha mkutano wa kujadili tuhuma, akidi ya mkutano huo (yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuwepo), na kiwango cha kura kinachohitajika. Msikubali namba yoyote ya akidi au ya kura mliyoambiwa na mtu kwa mdomo, awe mwanasheria, awe diwani, au awe mimi. Barua yenu itataja kifungu, na kifungu lazima kiwe mmekiona kwa macho.

3. Kusanyeni ushahidi.

Ushahidi mzuri mara nyingi uko majumbani. Katika mtaa wa pili, mama mmoja anayeuza chapati alitoa chini ya godoro mfuko wa plastiki wenye vikaratasi kumi na vinne alivyopewa kila alipolipa fedha ya ulinzi shirikishi. Vilikuwa vimechanwa kutoka daftari la shule, vingine vina doa la mafuta, lakini kila kimoja kilikuwa na tarehe, kiasi na saini ya mwenyekiti. Vikaratasi hivyo vilifanya kazi kuliko hotuba zetu zote. Pitieni nyumba kwa nyumba mkiuliza kama kuna mtu aliyetunza cha kwake. Pigeni kopi, kisha mrudishieni mwenyewe karatasi yake halisi mbele ya shahidi.

Nyaraka zilizoko ofisini, kama mihtasari ya mikutano, daftari la mahudhurio na taarifa za fedha, ziombeni kwa maandishi mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hiyo inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyoko mikononi mwa ofisi ya umma, na inampa mwenye taarifa siku zisizozidi thelathini za kujibu. Wekeni alama ya siku ya thelathini kwenye kalenda. Kutojibiwa nako ni ushahidi, mradi barua yenu iwe na muhuri wa kupokelewa.

Angalizo: tuhuma ikiwa ni ya rushwa, kwa mfano kudaiwa fedha ili upitishiwe fomu ya mkopo wa halmashauri wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, msisubiri mkutano. Ripotini TAKUKURU kwa namba ya bure 113 au fikeni ofisi yao ya wilaya. Uchunguzi wao huenda kwa njia yake na jitihada zenu kwa njia yake. Msitangaze mtaani kwamba mmeripoti, kwa sababu mtakuwa mmempa mtuhumiwa nafasi ya kuficha nyaraka.

4. Mdaini mkutano wa kawaida kwanza.

Kabla ya kuomba kumwondoa mtu, ombeni afanye kazi yake. Mwandikieni mwenyekiti, kupitia kwa mtendaji wa mtaa, mkiomba aitishe mkutano wa wakazi na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Mpeni tarehe ya mwisho iliyo ya haki, kwa mfano siku ishirini na moja. Barua iwe fupi na ya heshima, ianze na "Ndugu Mwenyekiti", iwe na kichwa cha YAH kinachoeleza jambo moja tu, na chini iorodheshe nakala kwa mtendaji wa kata.

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu wamechoka. Msiiruke. Akiitisha mkutano na kusoma hesabu za kweli, huenda mtaa ukawa umepata ulichokuwa unakitafuta. Akikataa au akinyamaza, mtakuwa na kosa la wazi lililotendeka ndani ya maandishi, ambalo hakuna ofisi itakayoweza kusema ni maneno ya mtaani.

5. Kusanyeni saini.

Hapa ndipo jitihada nyingi hufia, kwa hiyo someni taratibu.

Kwanza jueni nani anastahili kusaini. Mpiga kura wa mtaa ni raia wa Tanzania mwenye umri wa miaka kumi na minane au zaidi ambaye ni mkazi wa mtaa huo. Orodha ya wapiga kura iliyotumika Novemba 2024 iliandikwa mitaani kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba mwaka huo, na ni tofauti kabisa na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tume ya Uchaguzi. Mtu anaweza kuwa na kadi ya mpiga kura na bado asiwe katika orodha ya mtaa wenu. Mwenye nyumba anayeishi Kibaha na kupangisha hapa kwenu si mkazi, wakati mpangaji wake anayelala hapa kila siku ni mkazi. Jambo hili huwashangaza wenye nyumba, na waelezeni kwa upole.

Kila karatasi ya saini iwe na tamko la madai juu yake, kwa maneno yale yale, yaani jina la mtaa, jina la kiongozi, ombi lenyewe na tarehe. Sisi mara ya kwanza tulizungusha karatasi tupu zenye mistari, tamko likiwa limebanwa kwenye ukurasa wa mbele peke yake. Mwenyekiti aliwaendea watu jioni, akawaambia kwamba walisaini maombi ya kuunganishiwa maji, na zaidi ya thelathini wakaandika kujitoa.

Chini ya tamko wekeni safu nne: namba, jina kamili, anwani ya makazi kama ilivyo kwenye kibao cha nyumba, na saini. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na shahidi asaini pembeni. Msiweke namba za NIDA wala za simu kwenye karatasi inayozunguka mikononi mwa watu. Taarifa binafsi zinalindwa kwa sheria ya mwaka 2022, na mtu akianza kupigiwa simu za vitisho kwa sababu ya karatasi yenu, hakuna jirani atakayesaini tena.

Kila mtu asaini mwenyewe. Mume asimsainie mke, wala kijana asimsainie bibi yake. Nakumbuka mtendaji wa kata alivyopokea karatasi zetu za kwanza: hakusoma hata tamko, alipitisha kidole taratibu kwenye safu ya saini, akasimama kwenye mstari wa ishirini na mbili, akaenda hadi wa arobaini, kisha akatugeuzia karatasi na kuuliza, "Ndugu zangu, hawa wote wana mkono mmoja?" Ni kijana wetu mmoja aliyekuwa ameharakisha kazi ya mtaa mzima wa nyuma. Saini mia mbili za halali zilikataliwa pamoja na zile kumi na tisa.

Msimlipe mtu ili asaini, wala msimpe soda, wala msimwahidi chochote. Pitieni jioni baada ya watu kurudi kazini, au Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya usafi, watu wakiwa bado nje. Kusanyeni zaidi ya kiwango mnachohitaji, kwa sababu baadhi zitakataliwa na baadhi zitajitoa. Kila usiku katibu ahesabu, aandike jumla kwenye daftari, na wajumbe wawili wasaini chini ya jumla hiyo.

6. Wasilisheni maombi.

Andaeni seti nne: moja ya ofisi mnayoipelekea, moja ya mtendaji wa kata, moja ya mkurugenzi wa halmashauri yenu, na moja ya kwenu. Wakazi wa Buguruni, Tabata na kata nyingine za Wilaya ya Ilala wakumbuke kwamba manispaa yao ndiyo iliyogeuzwa kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mwaka 2021, kwa hiyo mkurugenzi wao ni wa Jiji. Wa Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni wanabaki na wakurugenzi wa manispaa zao.

Nendeni watu wawili au watatu, asubuhi, siku ya kazi, mkiwa mmevaa kama watu wanaokwenda ofisini. Barua ipokelewe masijala, na nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe na iandikwe jina la aliyepokea. Msiondoke bila muhuri, hata mkiambiwa mashine imeharibika au mwenye muhuri ametoka kunywa chai. Kaeni mumsubiri.

7. Mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu.

Hata kama mna hasira naye, hakikisheni anapewa tuhuma kwa maandishi na muda wa kuzijibu. Haki ya kusikilizwa imo katika Ibara ya 13 ya Katiba, na uamuzi uliofikiwa bila kuifuata unaweza kutenguliwa na Mahakama Kuu, hata kama mtaa mzima uliuunga mkono. Mchungieni haki yake kama mnavyochunga ya kwenu. Kisha kuna jambo ambalo watu hulisahau: jioni ya siku hiyo atabaki kuwa jirani yenu, na watoto wake watasoma na wenu.

8. Siku ya mkutano.

Tangazo la mkutano libandikwe ofisini, sokoni, misikitini na makanisani mapema, likitaja ajenda waziwazi. Mkutano ulioitwa kwa ajenda ya usafi hauwezi kugeuka kuwa wa kumwondoa mtu. Msichague Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na kama ni kati ya Machi na Mei, tafuteni sehemu yenye paa, kwa sababu mvua ya masika ikishuka akidi nayo huondoka.

Ombeni mapema, kwa maandishi, kwamba mkutano usiongozwe na mtuhumiwa, kwa kuwa mtu haamui shauri lake mwenyewe, na kwamba ofisi ya kata iwepo. Wekeni meza mlangoni au kwenye njia kuu ya kuingilia, na kila anayeingia aandike jina katika daftari la mahudhurio, akilinganishwa na orodha ya wakazi. Akidi itangazwe kwa namba kabla ya mjadala kuanza, na namba hiyo iandikwe.

Tuhuma zisomwe moja baada ya nyingine, shahidi wa kila moja asimame, kisha mtuhumiwa ajibu bila kuzomewa. Mchague mapema vijana watulivu wa kuwakalisha wanaopiga kelele, hasa wa upande wenu. Kuhusu kura, ombeni iwe ya siri pale Kanuni zinaporuhusu, kwa sababu mama aliyepewa barua ya utambulisho jana na mwenyekiti hatanyoosha mkono mbele yake leo. Karatasi zihesabiwe hadharani, kila upande ukiwa na wakala, na matokeo yaandikwe kwa tarakimu na kwa maneno: waliohudhuria, waliokubali, waliokataa, zilizoharibika. Jumla zisipokubaliana, hesabuni tena hapo hapo, kabla ya mtu yeyote kuondoka. Makofi na vigelegele si kura.

9. Baada ya kura.

Muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo, usainiwe na aliyeongoza mkutano na katibu, na upelekwe kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi ukiwa na daftari la mahudhurio. Msimnyang'anye mwenyekiti muhuri wala funguo. Makabidhiano ya muhuri, madaftari, stakabadhi na mali za ofisi hufanywa mbele ya mtendaji, kwa orodha inayosainiwa na pande zote mbili. Kisha dai lenu linalofuata ni tarehe ya uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi. Ulizeni kwa barua.

MAMBO YANAYOKWAMA, NA NAMNA YA KUYAKWAMUA

Mtendaji anakataa kupokea barua. Ipelekeni kwa mtendaji wa kata, mkieleza kwa maandishi tarehe na saa mlipokataliwa. Akikataa naye, itumeni kwa mkurugenzi kwa rejista ya posta na mtunze stakabadhi ya posta ndani ya faili. Kwa kawaida barua yenye stakabadhi hupata majibu haraka kuliko ile iliyopelekwa kwa ugomvi.

Tarehe imepita na mkutano haujaitishwa. Andikeni barua ya kukumbushia, mkiambatisha nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri, na nakala iende kwa mkurugenzi na kwa mkuu wa wilaya. Msiitishe mkutano wenu sambamba na kuuita mkutano wa mtaa. Mkusanyiko wa hadhara usioitishwa na mamlaka ya mtaa unahitaji taarifa polisi saa arobaini na nane kabla, na hata ukifanyika kwa amani, maamuzi yake hayatambuliwi.

Akidi haikutimia. Andikeni muhtasari unaosema hivyo na ombeni tarehe nyingine hapo hapo. Katika mtaa wa pili tulikosa akidi mara ya kwanza kwa watu wachache tu, kwa sababu tulichagua siku ambayo Simba na Yanga walikuwa wanacheza. Mara ya pili tuligawana nyumba, kila mjumbe nyumba kumi na tano, akawajibika kuwatoa watu wake.

Jambo limegeuzwa kuwa la vyama. Rudini kwenye ukurasa wenu mmoja wa tuhuma, na wapeni nafasi ya kuzisoma wajumbe wenu wanaotoka chama cha mwenyekiti mwenyewe. Pia msisahau njia ya ndani: wagombea wa mtaa hudhaminiwa na vyama, na chama chenye ushahidi mezani kinaweza kumwambia mtu wake ajiuzulu. Mwenyekiti wa mtaa wa jirani aliondoka kwa njia hiyo bila kura hata moja kupigwa.

Mtu wenu ameandika tuhuma kwenye kundi la WhatsApp. Mwambieni azifute siku hiyo hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na tuhuma ambayo hamwezi kuithibitisha inaweza kumpeleka polisi aliyeiandika kabla mwenyekiti hajaulizwa swali lolote. Kundi la WhatsApp litumike kutangaza tarehe na mahali pa kukutana, basi.

Kuna vitisho. Andikeni tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliosikia, kisha ripotini kituo cha polisi na mchukue namba ya taarifa. Msimwache katibu atembee usiku peke yake na faili. Tunzeni nakala ya kila karatasi katika nyumba nyingine, mbali na ya katibu. Sisi yetu ilikaa kwa fundi cherehani, ndani ya sanduku la vitambaa, na wakati mvua ilipoingia nyumbani kwa katibu na kulowanisha faili lote, ni nakala hiyo ya sandukuni tuliyoipeleka kata.

Mwenyekiti amejiuzulu katikati ya safari. Ombeni nakala ya barua yake ya kujiuzulu yenye muhuri, kwa sababu kujiuzulu kwa mdomo huwa kunafutwa wiki inayofuata. Mkishaipata, simamisheni ukusanyaji wa saini, lakini daftari la madai ya fedha lisifungwe: mapato na matumizi ya kipindi chake bado yanapaswa kusomwa mbele ya wakazi, na barua ya kuyaomba ni ile ile ya hatua ya nne, sasa ikielekezwa kwa mtendaji.